Ofisi Yenu Inataka Padel ya Team Building? Soma Hii Kabla Mtu Ashike Mabegi Siku Nzima

Unaijua hiyo meseji. Ni Ijumaa saa kumi na moja jioni, ushaanza kufunga laptop, halafu grupu ya ofisi inalia: “Team, mwezi ujao tunaenda team building. Mwaka huu hakuna kuvuta kamba. Tunacheza PADEL!” Halafu emoji tano za moto.

Wasee wawili wanajibu “Yeees!” Bosi anaweka dole gumba. Wengine wote, kimya.

Huo ukimya ndio nataka tubonge juu yake. Ndani yake kuna msee anagoogle padel ni mnyama gani. Kuna mwingine anapiga hesabu ya nauli kutoka Kayole. Kuna dada anajiuliza kama atacheza na hijabu bila watu kumkodolea macho. Kuna jamaa goti lake liliisha kitambo kwa ball ya mtaani na hataki ofisi ijue. Halafu kuna wewe, umeangushiwa kazi ya kupanga hiyo siku yote juu wewe ndio kijana, na kuna imani kwamba vijana wanajua hizi vitu.

Mimi nilikuwa huyo kijana, na mara ya kwanza niliharibu. Nitakushow vile niliharibu, na vile ilipangwa poa mara ya pili, ndio wewe usianzie mahali nilianzia.

Kwanza, padel ni nini?

Ukiiona kwa mbali utadhani ni tenisi imefungiwa ndani ya tanki ya samaki. Uwanja ni mita 20 kwa 10, wavu uko katikati. Nyuma na kwa kona kuna kuta za kioo, pande zingine ni waya. Ndani wanaingia watu wanne, wawili kwa wawili. Raketi haina nyuzi, ni kitu kigumu chenye matundu, na iko na kamba ya kufunga kwa mkono. Mpira unakaa tu ule wa tenisi, ni vile presha yake iko chini kidogo.

Game ilianzia Mexico, kule Acapulco, 1969. Kuna jamaa alikuwa anaitwa Enrique Corcuera, alitaka uwanja kwake nyumbani lakini nafasi haikutosha tenisi, akajenga kadogo kenye kuta. Ikavuka ikafika Uhispania miaka ya sabini, ikashika Argentina, na sasa iko huku kwetu inasumbua wasee wa Nairobi wenye raba safi.

Usiogopeshwe na hizo raba. Kama ulikulia ploti, nusu ya hii game ushaicheza. Unakumbuka kupiga mpira kwa ukuta wa landlord mpaka atoke nje akiwa amekasirika? Ni hiyo tu, ni vile hapa ukuta ni wa kioo na umelipiwa kwa saa.

Sheria za kutosha siku ya kwanza ni hizi:

1. Kuserve ni kwa chini. Unadundisha mpira, unaupiga ukiwa haujapita kiuno, unaenda kwa upande wa pili kimshazari. Una nafasi mbili.

2. Mpira lazima udunde chini kwanza upande wa wapinzani. Ukigonga kioo chao au waya wao kabla ya kudunda, umepoteza pointi.

3. Ukidunda halafu ukagonga kioo, bado uko hai. Mwenyewe anaweza ungoja utoke kwa kioo aurudishe.

4. Ukidunda mara mbili kwa upande wako, imeisha.

5. Ile kamba ya raketi lazima ifungwe kwa mkono. Hiyo sio urembo. Raketi ikichomoka kwa mkono wenye jasho, uso wa mwenzako uko karibu sana.

Hesabu ya tenisi ya 15, 30, 40 wacha nayo kwanza. Kuna njia rahisi, tutaifikia.

Mbona padel na sio kuvuta kamba?

Swali poa. Team building nyingi za huku tunazijua. Mnapakiwa kwa basi mpaka Naivasha ama Machakos, kuna jamaa na spika anawapigia kelele mruke kwa gunia, mnavuta kamba, mnakula nyama, mnarudi mmelala vichwa vikigonga dirisha. Jumatatu ofisi ni ile ile. Wenye walikuwa hawasalimiani bado hawasalimiani, ni vile tu sasa wako na fulana zinafanana.

Shida ya kamba ni kwamba unaweza jificha. Mkiwa watu kumi na wawili upande mmoja, hakuna mwenye anajua kama unavuta ama umeshikilia tu picha ipigwe. Kwa padel mko wawili. Hakuna pa kujificha.

Na sasa skiza hii, ndio siri yote. Mipira mingi ya wageni wa padel haipotei juu mtu ameshindwa kuipiga. Inapotea katikati. Mpira unakuja kati yako na mwenzako, wewe unamuangalia, yeye anakuangalia, mpira unapita hapo katikati, kila mtu anasema, “Nilidhani ni yako.”

Si hiyo ndio ofisi yenu? Ile emaili ya klayenti ilikaa siku nne juu kila mtu alidhani mwingine amejibu?

Dawa yake kwa uwanja ni neno moja, lazima litoke kwa mdomo mapema: “Yangu!” Ama “Yako!” Baada ya dakika ishirini utaona hata wale wapole kabisa wanaanza kupiga kelele. Msee wa accounts anamwambia mkubwa wake, “Wacha, yangu!” na mkubwa anawacha. Hiyo kitu hakuna semina itakupatia.

Ya pili ni kioo. Mgeni akipitwa na mpira anakata tamaa, anashusha mikono. Anayejua anageuka, anangoja utoke kwa ukuta, anaurudisha. Ukikaa na mwenzako anayekushow “tulia, inarudi”, mnaanza kuaminiana bila mtu kuwaandikia “UAMINIFU” kwa karatasi kubwa.

Lakini hizi zote zinafanyika tu kama mtu ameingia uwanjani. Na hapo ndio mimi nilianguka.

Vile niliharibu

Tulikuwa watu 24 ofisini. Mimi nikabook uwanja mmoja, masaa mawili. Nilijiona mjanja, nimeokoa mkwanja wa kampuni. Nikatuma meseji moja: “Jumamosi saa tatu, padel, msichelewe.” Basi.

Kilichotokea ni kwamba wasee wanne wenye walikuwa wamewahi kucheza tenisi waliingia wakashinda huko. Bosi akaingia, na nani atamwambia bosi atoke? Wengine wakacheza dakika kumi za huruma. Wengi walikaa nje ya waya wakipiga picha.

Halafu kulikuwa na Mathe. Mathe ndiye alikuwa anatupikia chai na kusafisha ofisi, mtu wa kwanza kufika na wa mwisho kutoka. Hakuwa kwa grupu ya WhatsApp, so aliambiwa kwa mdomo kuna “sherehe ya ofisi”. Akaja amevaa vile mtu huvaa sherehe: rinda safi, viatu vya kanisa, nywele ameshonwa. Akafika akapata watu wamevaa kaptura. Hakusema kitu. Alikaa kwa benchi, na mmoja mmoja watu wakaanza kumuachia simu, funguo, mabegi. “Mathe nishikie.” “Mathe angalia hii.” Masaa mawili.

Tukiondoka akaniita kando. Hakuwa na hasira, na hiyo ndio iliniuma zaidi. Akasema, “Asante kwa chakula, kijana yangu. Lakini siku ingine mkitaka mtu wa kushika mabegi, uniambie mapema nivae viatu vya chini.”

Wacha nikuambie mbona hiyo iliniingia. Mimi chuo niliacha mwaka wa pili, fees ilikataa. Mbogi yangu ikigraduate nilikuwa hapo nje ya hema, nimeshika majoho na mabegi yao wakipiga picha. Najua vile kushika mabegi huhisi. Kwa hivyo kati ya watu wote, mimi ndio ningemuona Mathe kwa hiyo benchi. Sikumuona. Nilikuwa busy nikichukua video.

Somo ni hili: panga siku yako ukianzia na mtu wa mwisho, sio na mtu wa kwanza. Bosi atafurahia tu, hana shida. Panga ukiuliza, “Yule hajawahi kushika raketi, hana raba, anaishi mbali, atafurahia aje?” Ukimpanga huyo, wengine wote wamejipanga.

Sasa tuingie kwa kazi.

Hesabu ya viwanja

Hapa ndio wengi huanguka, na ni hesabu ya darasa la nne. Uwanja mmoja unabeba watu wanne. Period. Chukua hiyo mbogi yetu ya 24, masaa mawili. Toa dakika 20 za kufundishwa na kunyoosha mwili, unabaki na dakika 100. Hizo ni raundi kumi za dakika kumi.

Uwanja mmoja: raundi kumi mara watu wanne ni nafasi 40. Gawanya kwa watu 24, kila mtu hafikishi hata raundi mbili. Anacheza kama dakika 17, anakaa chini dakika 83. Hapo mmelipa pesa mkae kwa benchi.

Viwanja vitatu: raundi kumi mara watu 12 ni nafasi 120. Gawanya kwa 24, kila mtu anapata raundi tano kamili. Dakika 50 za kucheza, 50 za kupumua na kucheka wenzako. Hapo sasa.

Kanuni ya kubeba kichwani: usizidishe watu wanane kwa uwanja mmoja. Nusu wanacheza, nusu wanapumzika, mnabadilishana. Kama pesa haitoshi viwanja vya kutosha, bora ugawe ofisi mara mbili, nusu waende wiki hii, nusu ile ingine. Lakini gawanya kwa kuchanganya. Usipeleke mabosi wiki moja na wadogo wiki ingine, hapo hamjajenga timu, mmejenga tabaka.

Mkwanja

Bei za viwanja zinatofautiana, na usiku ama wikendi kawaida huwa juu kuliko mchana wa katikati ya wiki. Piga simu sehemu tatu. Uliza vitu vinne bila aibu: uwanja kwa saa ni ngapi, raketi na mipira ziko ndani ya hiyo bei ama ni kando, kocha ni pesa ngapi, na mkighairi juu ya mvua pesa inarudi ama inahamishwa.

Hii hapa ni mfano wa vile unaandika bajeti. Bei nimeweka za kufundishia tu, wewe weka zako:

Viwanja vitatu masaa mawili, tuseme thao nne kwa saa: 24,000.
Raketi 12 za kukodi (sio 24, juu ni 12 tu wanacheza kwa wakati mmoja), soo tatu kila moja: 3,600.
Makocha wawili: 6,000.
Maji na matunda, 150 kwa kila mtu: 3,600.
Lunch, soo nane kwa kila mtu: 19,200.
Matatu ya kuwabeba kwenda na kurudi: 12,000.
Jumla: 68,400.

Ongeza asilimia kumi ya yale hujui, inafika 75,240. Gawanya kwa 24, ni 3,135 kwa kila mtu. Hiyo ndio namba unapelekea bosi. Ukienda na “kama sabini hivi” utafukuzwa. Ukienda na karatasi, utasikizwa.

Na tafadhali, usikubali ile stori ya “kila mtu achange kidogo”. Payslip ya msee tayari imeguswa na PAYE, NSSF, SHIF asilimia 2.75 na levi ya nyumba asilimia 1.5. Mtu wa mshahara mdogo ukimwambia achange thao moja ya kucheza na bosi wake, hiyo sio team building, ni kodi ingine. Sheria ya Ajira ya 2007 yenyewe imeorodhesha ni makato gani mwajiri anaweza toa kwa mshahara, haimwachi akate anavyojisikia. Ofisi ikisema ni siku ya kazi, ofisi ilipe. Kama doo ni kidogo, toeni lunch ya hoteli mlete chapo na ndengu. Hakuna mtu amewahi kulalamika juu ya chapo.

Matatu usiikate kwa bajeti. Viwanja vingi vya padel viko upande wa mitaa ya wenye nazo. Ukiambia mtu wa Utawala ama Rongai afike huko saa mbili asubuhi na nauli yake, ushamwambia abaki home.

Siku gani, saa ngapi

Mvua za masika ni Machi mpaka Mei, za vuli ni Oktoba mpaka Desemba. Kama uwanja hauna paa, hizo miezi uwe na mpango wa pili. Nyasi bandia ikilowa watu wanateleza, na kioo kikilowa mpira hautoki vile unatarajia.

Jua la saa sita nalo ni noma. Saa mbili na nusu asubuhi mpaka saa nne na nusu ndio tamu.

Siku, jaribu siku ya kazi. Jumamosi kuna Wasabato, kuna wazazi, kuna watu wa chama. Jumapili kuna kanisa. Ijumaa ni sawa, lakini hakikisha Waislamu wametoka mapema wawahi swala ya mchana, na lunch isianzishwe bila wao. Ukichukua wikendi ya mtu umlazimishe “kufurahia”, atafurahia kwa uso tu.

Meseji ya kutuma

Meseji yangu ya kwanza ilikuwa na maneno machache kuliko risiti ya M-Pesa. Usiwe mimi. Wiki mbili kabla, andika hivi, kwa Kiswahili cha kila mtu:

“Tarehe fulani tunaenda kucheza padel. Hujawahi? Wengi wetu pia hawajawahi, kutakuwa na makocha. Vaa raba zenye soli flat na nguo ya kukimbia, hata tracksuit na hijabu ni sawa kabisa. Usikuje na njumu. Raketi zipo. Matatu inatoka ofisini saa moja na nusu na inarudisha watu. Kama una kitu chochote cha afya, ujauzito, mgongo, goti, niandikie inbox, sitauliza maswali, kuna kazi zingine poa siku hiyo. Kampuni inalipa yote.”

Halafu fanya kitu moja ya muhimu: tembea. Watu wasio kwa grupu, yaani watu wa usafi, walinzi, dereva, msee wa attachment, waambie uso kwa uso. Uliza saizi ya kiatu. Kama mtu hana raba, azimia mwenzake ama weka kwa bajeti, lakini fanya hiyo polepole kando, sio mbele ya watu.

HR naye muulize swali moja kwa maandishi: mtu akiumia hiyo siku, bima ya kazi inamshika? Jibu lipatikane kabla ya siku, sio mkiwa emergency. Na hakikisha kuna sanduku la huduma ya kwanza na barafu. Majeraha ya wageni kawaida ni kifundo cha mguu na misuli, na mengine yanaweza kutokana na kitu kidogo sana: kukanyaga mpira uliobaki chini. Chagua mtu wa kuokota mipira kila baada ya pointi. Na bia, kama iko, ni baada. Kabla, hapana.

Siku yenyewe

Dakika 20 za kwanza ni za makocha. Kunyoosha mwili, kushika raketi, kuserve, na kupiga mpira uliotoka kwa kioo. Usiruhusu mtu aseme “sisi tunajua, tuanze”. Hao ndio huvunja kitu.

Halafu mnacheza ule mfumo unaitwa Americano. Ni rahisi: kila mpira ni pointi moja, hakuna 15 wala 40. Kila raundi unabadilisha mwenzako. Pointi mkipata mkiwa wawili, kila mmoja anaandikiwa zake. Mwisho wa siku kila mtu ana jumla yake, na umecheza na watu watano tofauti. Dakika kumi zikiisha piga filimbi, wanatoka, wanaingia wengine, hata kama bosi alikuwa karibu kushinda. Hasa kama bosi alikuwa karibu kushinda.

Wenza wachaguliwe kwa bahati nasibu. Andika majina kwa vikaratasi, tia kwa kofia. Ukiwacha watu wachague, mauzo watacheza na mauzo na IT watakaa pamoja kama wako basement.

Kuhusu bosi, mbonge naye kabla. Mwambie hivi kwa heshima: “Bosi, ukitulia na ukicheka ukikosa, watu watatulia. Na usifundishe mtu.” Kuna mkubwa anafika uwanjani anaanza kukosoa mkono wa kila mtu kama ni ripoti ya mwezi. Hapo siku imeisha.

Zawadi isiende tu kwa mwenye pointi nyingi. Weka ya aliyeita “Yangu!” kwa sauti kubwa, na ya mwenza bora, ipigiwe kura na wenzake. Zawadi ndogo: kupumzika nusu siku ni tamu kuliko kikombe cha plastiki.

Na wale hawachezi

Kutakuwa nao, na wasionekane ni wagonjwa ama waoga. Wape kazi ya ukweli: refa, kuandika pointi, kupiga filimbi, kutangaza kwa sauti. Refa ana nguvu kuliko bosi, na kuna watu hii ndio siku yao. Mabegi yawe na mahali pake, loka ama matatu iliyofungwa. Mabegi hayana mtu. Hiyo ni sheria yangu na siibadilishi.

Mara ya pili

Mwaka ulioisha tulienda tena. Viwanja vitatu, matatu, chapo, mpango wote. Wiki moja kabla nilipita jikoni nikamwambia Mathe tarehe, nikamuuliza saizi ya kiatu. Akaniangalia sana. “Unataka nishike mabegi nikiwa na raba?” Nikasema hapana, unacheza. Akasema atafikiria.

Alikuja na tracksuit ya kijana wake. Karatasi ikamtoa na mkubwa wa accounts, jamaa hajawahi kuongea naye zaidi ya “chai”. Mpira wa kwanza ukapita katikati yao. Wa pili ukapita. Wa tatu Mathe akapiga kelele mpaka viwanja vingine vikasimama: “Yangu!” Akaukosa. Watu wakacheka, yeye akacheka kuwashinda. Wa nne akaupata.

Hawakushinda. Walimaliza raundi na pointi sita. Lakini Jumatatu nilikuwa jikoni natafuta sukari, mkubwa wa accounts akaingia mwenyewe na kikombe chake, hakuita mtu, akasema, “Mathe, ule mpira wa mwisho ulikuwa wangu, pole.” Mathe akamjibu bila kugeuka, “Najua. Siku ingine sema mapema.”

Sasa hiyo meseji ya Ijumaa ikiingia kwa grupu yenu, usikimbilie kubook. Hesabu watu kwanza, na hesabu wote. Anzia jikoni.